Maji Matamu Si Lazima Yawe Salama: Mwongozo kwa Wanaosimamia Kisima au Tangi la Mtaa Lamu

Hapa Amu mtu akiletewa maji asiyoyajua huyaonja kwanza. Huyaweka ulimini, akatafuta chumvi, kisha akahukumu: haya ya Shela, haya ya kisima cha mtaani, haya ya kufulia tu. "Mai matamu," akisema bi mkubwa, basi ndoo imepita. Nimelelewa katika kipimo hicho na nakiheshimu, kwa sababu chumvi ndiyo iliyotuandama visiwani tangu enzi za wazee wetu. Lakini ulimi unajua chumvi peke yake. Maji yaliyopenya kutoka shimo la choo, yakachujwa na mchanga mpaka yakang'aa, hayana ladha wala harufu ya kumwonya mtu. Yanaweza kuwa matamu kuliko ya jirani na yakamlaza mtoto.

Mwongozo huu nauandika kwa aliyekabidhiwa ufunguo: msimamizi wa tangi la msikiti, katibu wa kamati ya kisima, mwalimu wa shule yenye jabia (tangi la kukingia maji ya mvua), mwenye nyumba ya wageni anayewachotea majirani. Miaka sita nimekuwa nikiandika daftari la tangi la mtaa wetu, na yaliyomo humu ni yale ambayo ningependa kuwa niliyajua mwaka wa kwanza.

Hatua ya kwanza: jua maji yako yanatoka wapi

Chukua daftari jipya. Ukurasa wa kwanza chora njia ya maji, kutoka yanakoanzia hadi kwenye kikombe. Usione ni kazi ya watoto wa shule. Mtaani kwetu tulipochora tu, tuligundua kwamba tangi moja linapokea maji ya aina mbili, ya mfereji na ya kisima, na hapakuwa na mtu aliyejua ni siku zipi yanaingia yapi.

Maji ya mfereji mjini Lamu husambazwa na LAWASCO, kampuni ya maji ya Lamu, na chanzo chake kikuu ni vilima vya mchanga vya nyuma ya Shela. Mvua huzama mchangani na kukaa chini kama tabaka la maji baridi linaloelea juu ya maji ya bahari, mfano wa mafuta juu ya mchuzi. Maji ya bahari ni mazito zaidi kidogo tu, na kwa sababu hiyo hesabu yake inashangaza: kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, zipo takriban mita 40 chini yake. Geuza hesabu hiyo. Ukivuta mpaka uso wa maji ushuke nusu mita na ubaki hapo, chumvi iliyoko chini itapanda, kidogo kidogo, karibu mita 20.

Hii ndiyo sababu kisima kikianza kuonja chumvi, dawa si kukichimba zaidi. Kukichimba ni kuifuata chumvi ilipo. Punguza nguvu ya pampu, vuta kidogo kidogo, kipumzishe kisima usiku kucha, na uandike ladha ya kila asubuhi. Na hii pia ndiyo sababu wanaojenga na kuchota mchanga kule vilimani wanagusa tangi letu sote, hata wale ambao hawajawahi kukanyaga Shela.

Ikiwa unategemea mvua, kama wenzetu wengi wa upande wa Kiunga na Ndau wenye majabia, andika pia paa au sakafu inayokinga. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mabati la mita 50 za mraba, milimita ya kwanza ni lita 50 zilizobeba vumbi na kinyesi cha ndege. Hizo zimwage, na mvua ya kwanza ya masika uiache ioshe paa kabla hujaunganisha bomba. Maji ya paa la makuti yaache kwa bustani.

Hatua ya pili: kagua kwa macho kabla ya kupima kwa dawa

Huhitaji chombo chochote. Nenda kisimani alfajiri wakati watu wanachota, usiende saa nne pakiwa pametulia, na ujibu maswali haya kwa ndiyo au la.

Je, kuna shimo la choo ndani ya mita 30? Je, choo chochote cha jirani kiko juu ya kisima kwa mteremko? Je, sakafu ya saruji kuzunguka kisima imepasuka, au maji yanayomwagika yanatuama na kurudi ndani? Je, kisima hakina kifuniko? Je, kila mtu anateremsha ndoo na kamba yake mwenyewe, na kamba hiyo ikitoka inalazwa chini? Je, punda hufungwa au hunyweshwa karibu? Kwa tangi: kifuniko kinafunga kweli? Bomba la maji yanayozidi lina wavu wa kuzuia mijusi na panya? Kuna ndege anayelala juu yake?

Kila jibu linaloonyesha hatari liandike na tarehe. Kabla ya kuitisha maabara, ziba unayoweza kuyaziba. Ndoo moja ya kudumu iliyofungwa kisimani, isiyogusa ardhi, ni tengenezo la bei nafuu kuliko yote na mara nyingi ndilo lenye faida kubwa.

Sasa neno gumu. Ndani ya Mji wa Kale, kuanzia Mkomani hadi Langoni, hizo mita 30 hazipatikani. Nyumba zimepakana ukuta kwa ukuta, kila moja ina choo chake, na visima vingi vimo mumo kiwandani, yaani uani mwa nyumba. Kisima cha namna hiyo kihesabu kuwa kimechafuka mpaka kipimo kionyeshe vinginevyo, na hata kikionyesha safi leo, usikiamini kesho bila kutia dawa. Kitumie kwa kufua, kuosha sakafu na kujaza birika. Ya kunywa yatoke penginepo. Najua wapo wazee ambao wamekunywa kisima hicho maisha yao yote, na sisemi neno la kuwavunjia heshima. Idadi ya vyoo vilivyokizunguka walipokuwa watoto siyo ya leo.

Kuhusu birika la chooni lenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu: ni utaratibu mzuri, uendelee. Lakini usitie klorini humo, visamaki vitakufa na mbu watarudi. Maji ya birika ni ya kuoga na kutawadha. Mtungi wa kunywa uwe mbali, una kifuniko, na kata yake isishikwe na kila mkono.

Hatua ya tatu: pima

Vipo vipimo vitatu, na kila kimoja kina wakati wake.

Cha kila siku ni klorini iliyobaki. Nunua kile kikasha kidogo cha vidonge vya DPD ambacho pia hutumika kwenye mabwawa ya kuogelea. Hoteli nyingi za pwani wanavyo na watakuelekeza pa kupata. Maji yakigeuka rangi ya waridi, linganisha na kadi. Mferejini, mahali mtu anapochotea, unataka angalau miligramu 0.2 kwa lita, na si zaidi ya 0.5 kwa kawaida. Yasipobadilika rangi hata kidogo, hayana kinga yoyote, haijalishi yametoka wapi.

Cha kila mwezi ni chupa ya kipimo cha H2S, yenye karatasi ya dawa ndani. Unajaza maji, unafunga, unaiacha mahali pa joto la kawaida. Ikigeuka nyeusi ndani ya siku moja au mbili, kuna dalili ya kinyesi. Visima vingine vina salfa ya asili inayoweza kuigeuza nyeusi bila kinyesi, kwa hiyo nyeusi maana yake ni "peleka maabara sasa", wala si hukumu ya mwisho.

Cha tatu ni maabara yenyewe, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu mimi nilipoteza sampuli zangu za kwanza. Nilijaza chupa za maji ya dukani, nikazisuuza vizuri kwa maji ya mfereji kama mtu mwenye adabu, nikazipakia kwenye mfuko, nikavuka kwa boti hadi Mokowe na kupanda basi la Mombasa. Barafu iliyeyuka kabla ya safari kufika nusu. Maabara walizikataa, na walikuwa na haki. Vijidudu huzaana au kufa njiani, na jibu linakuwa la safari badala ya kuwa la kisima.

Fanya hivi. Omba chupa kutoka maabara yenyewe, zilizotakaswa. Za maji yenye klorini huwa na chembe za thiosalfeti ndani za kuizima dawa, ndiyo maana chupa haisuuzwi. Nawa mikono. Pangusa mdomo wa mfereji, uuchome kwa moto ikiwa ni wa chuma, acha maji yatiririke dakika mbili tatu. Fungua chupa bila kugusa ndani ya kifuniko, jaza ukiacha nafasi kidogo juu, funga. Andika mahali, tarehe na saa papo hapo. Tia kwenye kasha lenye barafu ya kutosha safari nzima na zaidi. Sampuli ya vijidudu ifike ndani ya saa 24, na ikiwezekana ndani ya saa 6, kwa hiyo panga na maabara siku moja kabla. Mombasa kuna tawi la Mkemia wa Serikali, lakini kabla ya safari hiyo uliza afisa wa afya ya umma wa kaunti. Mara nyingine wana kifaa cha kupimia papa hapa, na sampuli inayopimwa baada ya saa mbili ni bora kuliko iliyozunguka pwani nzima.

Hatua ya nne: soma majibu

Karatasi ya maabara ina mistari mingi. Anza na mmoja: E. coli, kijidudu cha matumboni. Kiwango cha maji ya kunywa kinachotumika Kenya na Afrika Mashariki, KS EAS 12, kinataka isionekane hata moja katika mililita 100. Hakuna "chache tu". Ikiwepo, kinyesi kimefika.

Mstari wa pili ni naitreti. Mpaka ni miligramu 45 kwa lita. Ikizidi kisimani mjini, mara nyingi ni vyoo, na inamdhuru zaidi mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga, kwa sababu inazuia damu yake kubeba hewa. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapungua na yenyewe inabaki, kwa hiyo kuchemsha kunaizidisha. Ndivyo ilivyo kwa chumvi pia.

Chumvi na madini yote yaliyoyeyuka, mpaka ni miligramu 700 kwa lita kwa maji yaliyotibiwa na 1,500 kwa maji ya asili. Floridi 1.5. Maji yaliyotibiwa yasizidi kipimo cha 5 kwa ukungu. Mengine mwulize anayekupa karatasi, akufafanulie mstari kwa mstari. Ni haki yako na umelipia.

Hatua ya tano: tibu

Kisima. Kwanza pata ujazo wa maji. Kisima cha duara chenye upana wa mita 1 na maji ya kina cha mita 2: nusu ya upana ni 0.5, 0.5 mara 0.5 mara 3.14 mara 2 ni 1.57, yaani lita 1,570. Tengeneza mchanganyiko wa klorini wa asilimia 0.2: chembechembe za HTH zenye nguvu ya takriban asilimia 65, gramu 30 ndani ya lita 10 za maji safi. Sugua kuta za ndani, toa tope, kisha tia lita 1 ya mchanganyiko kwa kila lita 100 za maji ya kisima. Kwa kisima chetu cha mfano ni kama lita 16. Acha nusu saa kwa uchache, usiku mzima ni bora zaidi. Kisha vuta maji mpaka klorini ishuke chini ya 0.5, na usiyamwage baharini kwenye nyasi za samaki wala kwenye mtaro wa jirani.

Tangi. Limwage, lisugue kwa brashi na sabuni, lisuuze. Lijaze robo, nyunyiza gramu 80 za HTH kwa kila lita 1,000 za ujazo wake wote, lijaze hadi juu, funika, liache saa 24. Fungua kila mfereji mpaka unuse klorini, ili na mabomba yaoshwe. Mwaga, jaza upya, pima. Bandika karatasi ya "USINYWE" kila penye mfereji kabla hujaanza. Usitegemee kwamba habari imeenea.

Maonyo mawili ambayo nayasema kwa uchungu. Mashine ya petroli isiteremshwe kisimani hata kidogo, wala kuwekwa mdomoni mwa kisima mtu akiwa ndani. Moshi wake hauonekani wote, unashuka, na unaua aliyeingia na kisha yule anayemfuata kumwokoa. Na klorini usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya kusafishia choo.

Nyumbani, kwa mtungi wa lita 20 uliokwisha kuchujwa kwa kitambaa safi: soma nguvu kwenye chupa ya dawa isiyo na manukato. Ikiandikwa asilimia 3.5, mililita 1 ina miligramu 35 za klorini, na unahitaji kama miligramu 40. Basi mililita 1 na kidogo, ipimwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Tikisa, subiri dakika 30. Maji yenye ukungu, maradufu. Mtungi uliowahi kubeba petroli au dawa za shamba usibebe tena maji ya kunywa, hata ukioshwa mara mia. Hilo waambie pia wenye punda na wanaovusha maji kwa boti kwenda Manda.

Hatua ya sita: makaratasi

Wengi huyaogopa, nami niliyaogopa. Lakini kamati yenye karatasi ndiyo inayosikilizwa mambo yakiharibika.

Kuchimba kisima kirefu au kuvuta kwa pampu kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Kusambaza maji kwa watu kwa malipo ni huduma ya maji, na leseni zake hutolewa na WASREB, bodi inayodhibiti huduma hizo. Kikundi kidogo cha mtaa huenda kikafaa zaidi kufanya kazi kwa makubaliano na kampuni yenye leseni, kwa hiyo andikia idara ya maji ya kaunti barua ukiuliza na utunze nakala yenye mhuri. Anayejaza na kuuza maji ya chupa au ya mitungi iliyosafishwa anatakiwa kuwa na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, usipoiona, mwulize. Afisa wa afya ya umma ana mamlaka ya kukagua chanzo chochote chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Mwalike mwenyewe kabla hajaja.

Na upande wa pili wa wajibu: wewe pia una haki. Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Ibara ya 35 pamoja na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinamruhusu mwananchi kuomba habari kutoka taasisi ya umma, na sheria yenyewe inasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Barua haihitaji wakili:

"Naomba nakala ya matokeo ya vipimo vya maji ya mfereji kwa mtaa wetu kwa miezi 6 iliyopita: klorini iliyobaki, E. coli, naitreti na chumvi, pamoja na tarehe na mahali kila sampuli ilipochukuliwa."

Wana siku 21 za kukujibu. Wasipojibu, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Jibu likija, libandike kwenye daftari kando ya vipimo vyako mwenyewe, ulinganishe.

Hatua ya saba: majibu yakiwa mabaya

Watangazie watu siku hiyo hiyo, kabla ya mkutano wa kamati na kabla ya kujua kosa ni la nani. Nimeshuhudia kamati ikikaa na karatasi mbaya kwa juma zima ikihofia kuutia mtaa aibu karibu na Maulidi, mji ukijaa wageni. Kama kuna wakati wa kutangaza mapema, ni huo.

Mpigie afisa wa afya ya umma. Mwombe imamu au mwadhini spika baada ya swala, na wahamasishaji wa afya wapite nyumba kwa nyumba kwa wale wasiosikia. Tangazo liwe fupi, litaje mahali, na liseme la kufanya. Ikiwa kilichoonekana ni E. coli, liwe hivi:

"Maji ya tangi la hapa yamepimwa na si salama kwa kunywa. Yachemsheni mpaka yatokote dakika moja nzima, au mtie dawa na kusubiri nusu saa. Kufua na kuosha sakafu endeleeni. Mwenye kuharisha apelekwe zahanati leo, asisubiri kesho. Tangi linaoshwa kuanzia saa mbili asubuhi. Tutatangaza tena."

Osha, tibu, na upime upya baada ya klorini kurudi kawaida. Chukua sampuli mbili kwa siku tofauti. Zote mbili zikirudi bila E. coli, rudi kwenye spika ile ile na useme matokeo kwa tarakimu, ubandike nakala ya karatasi ya maabara mlangoni pa tangi, halafu uondoe zile za "USINYWE", moja moja, ukizihesabu zisibaki.